Besi Inatangulia Kwenye Vipaji

Jumapili ya kwanza nilidhani ni mkono wangu. Tulikuwa kwenye wimbo wa vipaji, watu wamepanga mstari katikati ya kanisa wakipeleka sadaka, na ubeti wa kwanza ulikuwa umekwenda vizuri kabisa. Kwenye kiitikio nikasikia kitu kama mtu anayetembea mbele yako kidogo tu na hataki kukusubiri. Besi ilikuwa imetangulia. Ngoma iko hapa, besi iko pale. Kufika ubeti wa tatu kwaya ilishagawanyika: kina mama wanafuata ngoma, wanaume wanafuata besi, na mwalimu wa kwaya amesimama mbele yetu mikono juu, hajui amfuate nani. Nikaondoa mkono wa kushoto kwenye kinanda. Besi ikanyamaza. Tukamaliza wimbo kwa ngoma tupu.

Baada ya misa nilijifanya nakunja waya ili nisitoke na wengine. Mmoja wa wanaume wa sauti ya nne akapita nyuma yangu akasema, "Binti, leo nani alikuwa anakukimbiza?" Wenzake wakacheka. Mimi nikaendelea kukunja waya ambao ulishakunjwa.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili lilinitesa hivyo, maana mtu mwingine angesema ni kinanda tu. Mimi sijui kuongea mbele za watu. Darasani nikiulizwa swali ambalo jibu lake ninalo, nasimama, natazama dawati, halafu nakaa. Niko Kidato cha Tatu na mwalimu wetu wa jiografia bado hajawahi kusikia sauti yangu vizuri. Kwenye kwaya nilianzia sauti ya pili, na mwaka mzima nilikuwa nafungua mdomo bila kutoa kitu, naogopa jirani yangu atanisikia. Kinanda ndicho kiti pekee duniani ninapokaa mbele ya kanisa zima nikiwa na sababu ya kuwa pale, na hakuna anayenidai neno. Wakinitoa kwenye kile kiti nitarudishwa sauti ya pili kufungua mdomo, na najijua, sitarudi. Nitaanza kusema naumwa tumbo siku za mazoezi. Nitabaki nyumbani na daftari hili.

Kinanda nilirithi kwa kaka mmoja aliyekuwa anakipiga kabla yangu. Si kaka yangu wa damu, kwaya nzima tunamwita kaka. Alipopata kazi Mahenge, akanifundisha Jumamosi tatu, akaondoka. Ni kinanda cha zamani, kimeshapita mikono mingi kabla hakijafika parokiani, lakini kina kitu kimoja kinachotusaidia sana kwa kuwa hatuna mpiga gitaa la besi. Ukikandamiza noti tatu kwa mkono wa kushoto, chenyewe kinazigawa, kinazipiga moja moja kwa mwendo wa besi. Tunaiita besi ya kujipiga. Pembeni kuna boksi la ngoma linalojipiga lenyewe, dogo kama kitabu cha nyimbo, linakula betri nne kwa sababu chaja yake iliungua. Boksi linatuma mapigo yake kwenye kinanda kwa waya wenye pini tano. Kinanda kikikubali kuyafuata, besi na ngoma vinakwenda kama maksai wawili kwenye nira moja. Kikikataa, kinafuata saa yake chenyewe iliyomo ndani, na kila ng'ombe anavuta upande wake.

Kukubali ama kukataa kunaamuliwa na herufi tatu kwenye skrini: INT ni saa ya ndani, EXT ni saa ya nje. Kaka alinifundisha hivi: "Ukishawasha tu, kabla hujagusa kitu, bonyeza hapa mara mbili, shuka mara tatu, badilisha INT iwe EXT. Ndiyo uanze." Sikuuliza kwa nini. Sijui kuuliza kwa nini. Nikalifanya jambo lile kila siku niliyowasha kinanda, kama mtu anavyochovya kidole kwenye maji ya baraka mlangoni bila kufikiria maji.

Na miezi yote ile hakikunisumbua hata siku moja.

Wiki iliyofuata nilipitia kila kitu kichwani mwangu, nikalitafuta kosa. Siku za shule nilipotoka saa tisa nilipitia kanisani, nikaomba ufunguo, nikawasha, nikapiga wimbo ule ule wa vipaji mwanzo mpaka mwisho. Besi na ngoma pamoja. Nikarudia. Pamoja. Nikarudia mpaka njiwa wa kwenye paa wakazoea. Hakuna kosa. Jumamosi kwenye mazoezi, kwaya nzima ipo, pamoja. Mwalimu akasema, "Umeona? Ukitulia unaweza."

Jumapili ya pili wimbo wa mwanzo ukaenda vizuri. Utukufu ukaenda vizuri. Nikaanza kuamini. Vipaji: kiitikio cha pili, besi ikatangulia tena. Niliondoa mkono, nikaurudisha kwa pigo, ikakaa nusu dakika, ikatangulia tena. Jasho lilinitoka mpaka vidole vikateleza. Wimbo wa mwisho, vile vile. Niliporudi nyumbani niliandika humu:

Mwanzo nzuri. Utukufu nzuri. Vipaji mbaya. Mwisho mbaya. Mazoezi yote nzuri.

Nikaitazama mistari ile. Kinanda hakijui Jumapili ni nini. Kinanda hakijui watu wanatazama. Anayejua ni mimi. Kwa hiyo kosa ni mimi. Nikaandika na hilo pia, nikalifuta, nikaliandika tena.

Mwalimu wa kwaya hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kusubiri watoto, na akikukasirikia sauti yake inashuka badala ya kupanda. Aliniita pembeni, akanikumbusha kwamba Jumapili inayofuata ni misa ya shukrani ya mavuno, kwamba vigango vyote vya parokia vitakuja mpaka Idete, kwamba wimbo wa vipaji siku hiyo hauna mwisho kwa sababu watu wanapeleka magunia, mahindi, kuku, mpaka padre atosheke. Halafu akasema lile lililobaki masikioni mwangu wiki nzima.

"Nimezungumza na yule bwana wa Katindiuka anayepiga kwenye maharusi. Atakuja misa ya mavuno, atakaa mbele. Besi ikikimbia tena, Jumapili nyingine atapiga yeye, na wewe urudi kuimba. Si adhabu, binti yangu. Unaelewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilielewa.

Simu ninayotumia ni ya mama. Nilimwandikia kaka ujumbe mrefu, nikaufupisha, nikautuma. Kule aliko mtandao unakuja na kuondoka, lakini jioni ile akanijibu kwa sauti. Kwanza akasema waya. Waya wa pini tano ukilegea, mapigo yanapotea njiani. Jumatatu nikaupeleka waya kwa fundi redio sokoni, akaukata, akauchomea upya, akaupima na kipimo chake, akanambia waya ulikuwa mzima tangu mwanzo. Kaka akasema basi angalia betri za boksi. Nikaweka mpya. Akasema huenda kinanda kinapata joto baada ya kukaa muda mrefu. Hilo lilinipa matumaini, kwa sababu vipaji vinakuja katikati ya misa, na wakati wa mahubiri mama mlezi wa kwaya hukifunika kinanda kitenge. Ni desturi yetu: Neno la Mungu likitangazwa vyombo vinafunikwa, na sisi wanakwaya tunashuka kukaa mabenchi ya mbele, tunaelekea altare, vyombo viko migongoni mwetu. Nikawaza, kitenge kinakipasha joto.

Ningeweza kumwomba mama mlezi asikifunike. Nilimkuta Jumanne dukani ananunua chumvi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo," nikasema sijambo, akanisubiri niseme kilichonisimamisha, na mimi nikasema, "Haya, mama," nikaenda zangu. Laiti ningemwomba, kitenge kisingekuwepo, na ningegeuza shingo mara moja tu nikaona kila kitu.

Kaka alikuwa amebakiza swali moja. Aliuliza kama kuna kitu kipya kimeongezwa. Nikamwambia ni spika tu. Spika mbili kubwa zilizoletwa Jumamosi ile kabla ya Jumapili ya kwanza mbaya, zinanguruma kidogo hata mtu asipopiga kitu. Akacheka. "Spika inatoa sauti tu, mdogo wangu. Haina habari na saa ya kinanda." Alikuwa sahihi. Na kwa kuwa alikuwa sahihi, tukaiacha spika, tukapoteza siku kadhaa nyingine.

Jumatano nilikataa kula. Mama hakuuliza. Alikuwa ameloweka mchele wa unga wa vitumbua, akaweka kinu uani, akanipa mchi wa pili. Tulitwanga kwa kupokezana, wake ukishuka wangu unapanda, kama tulivyofanya tangu nikiwa mdogo. Kwenye kinu kimoja na michi miwili huwezi kudanganya mwendo. Ukiwahi, mchi wako unagonga wa mwenzako, na mkono unakufa ganzi. Tulitwanga muda mrefu. Halafu, bila kuacha kutwanga, nikamwambia mama kwamba watu wanasema nakimbia. Kwamba nikiogopa mkono unakwenda mbio bila mimi kujua. Kwamba Jumapili watanitoa.

"Hapa unaogopa?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa naogopa tangu Jumapili, sijaacha.

"Na michi imegongana mara ngapi?"

Haikuwa imegongana. Nikasimama na mchi mkononi. Mama akachota unga, akausugua kwa vidole, akasema bado una chenga, tuendelee. Usiku ule nilipofungua daftari nilifuta yale maneno kwamba kosa ni mimi, na safari hii sikuyarudisha. Ikawa mbaya zaidi. Kosa lingekuwa mimi, ningejua pa kulitafuta.

Jumamosi mazoezi yalianza saa nane. Nilikuwa na kila kitu: waya uliochomewa upya, betri mpya, feni ndogo ya mama mbele ya kinanda. Niliwasha, nikabonyeza mara mbili, nikashuka mara tatu, EXT. Tukaimba vipaji vya mavuno. Pamoja. Tukarudia. Pamoja. Wanaume wa sauti ya nne wakauliza nani tena atamlipia nauli bwana wa Katindiuka. Mimi sikufurahi. Nilishapigwa mara mbili na mazoezi mazuri.

Tukiwa tunapumzika, umeme ukakatika. Si jambo geni Ifakara, ila ulikuwa haujawahi kunikuta kwenye kinanda. Watu wakatoka nje kunywa maji, wakarudi, umeme ukawaka, mwalimu akapiga makofi mawili, tukasimama. Nikawasha boksi la ngoma, nikakandamiza noti tatu. Ubeti wa kwanza vizuri. Kiitikio cha pili, besi ikatangulia.

Mwalimu akashusha mikono, akanitazama. Mimi nikatazama skrini, kwa sababu nilikuwa siwezi kutazama pengine popote.

INT.

Nilijua nimeweka EXT. Niliweka kwa vidole hivi. Nikakizima kinanda mwenyewe, nikakiwasha: INT. Nikaweka EXT, nikazima, nikawasha: INT. Mwendo wake, mia na ishirini. Wimbo wetu ni mia na kumi na saba. Tofauti ni mapigo matatu tu kwa dakika, ndiyo maana ubeti wa kwanza haujulikani na kiitikio cha pili kinaumbuka. Kinanda hakikumbuki. Kila kikipoteza umeme kinasahau kwamba kiliwahi kukubali kufuata mtu, na boksi la ngoma, kwa kuwa linakula betri, halina hata habari kwamba mwenzake amezimika.

Nilibadilisha, tukamaliza mazoezi salama, na mwalimu akaondoka na baiskeli yake kabla sijapata ujasiri wa kumweleza. Na bado palikuwa na shimo. Jumapili zile mbili umeme haukukatika. Nilikumbuka feni za kanisani zikizunguka mahubiri yote, nilikuwa nazitazama. Nani sasa alikizima kinanda?

Nikafuata waya. Sina akili nyingine ya kujisifia, nilifuata waya tu. Waya wa umeme wa kwaya unatoka kwenye kinanda na spika, unapita chini ya ukuta, unaingia dirisha la sakristia, chumba padre anamovalia mavazi ya misa. Ndani ya sakristia yupo mzee anayetunza kanisa, anayepiga kengele na kuwasha mishumaa tangu kabla mama hajaolewa. Nilimkuta anakwangua nta kwenye vinara kwa kisu butu. Waya wetu uliishia ukutani juu ya kichwa chake, kwenye swichi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikasimama. Akakwangua kinara kimoja, akakiweka, akachukua cha pili. Mzee huyu naye si mwongeaji, pengine ndiyo maana nilibaki. Nikaonyesha swichi kwa kidole. Ilinichukua kinara kizima kusema, lakini nilisema: je, Jumapili kuna mtu huwa anaigusa ile?

"Mimi," akasema, na akakaa vizuri kwenye kiti kama mtu aliyesubiri kushukuriwa. "Tangu waliposhusha yale maspika. Padre anahubiri, kule nyuma yananguruma kama trekta la kulimia. Nikaona hapana. Injili ikishasomwa nazima. Kanuni ya Imani ikianza nawasha. Wala hamjui."

Kweli, tulikuwa hatujui. Tumekaa mabenchi ya mbele, tumevipa vyombo mgongo, kitenge kimefunika skrini. Tukirudi tunakuta taa inawaka na sauti ya kinanda ni ile ile tunayoitumia, sina sababu ya kusoma herufi za skrini.

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, nikianzia katikati, lakini alielewa kwamba akizima, kinanda kinasahau. Nikamwomba asizime kesho, siku moja tu. Akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika.

"Neno la Mungu halishindani na trekta, mjukuu wangu. Padre mwenyewe alinishukuru. Lakini nitawasha mapema, wakisema tu Amina ya mahubiri. Utakuwa na Imani nzima na sala za waamini kukikumbusha hicho kinanda chako."

Sikuweza kubishana naye. Nani anabishana na mtu uliyemwamkia shikamoo? Na hesabu yake ilikuwa nzuri. Jioni nikampata kaka kwa simu ya mama, nikamwuliza kama kinanda kinaweza kufundishwa kukumbuka. Akasema ndani kuna betri ndogo bapa, kama ya saa, ndiyo inayotunza kumbukumbu, na ilikufa zamani, tangu enzi zake. Ndiyo maana alinifundisha kuweka EXT kila nikiwasha.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua," akasema. "Hukuuliza."

Kukifungua kinanda na kubadilisha betri usiku wa kuamkia mavuno, fundi kashafunga, nisingeweza. Nikaamua kushika mpango wa mzee.

Misa ya mavuno kanisa lilijaa mpaka nje. Watu wa vigangoni walikuja na malori na pikipiki, magunia ya mpunga yamepangwa kuanzia mlango wa sakristia mpaka kwenye kisima, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu. Bwana wa Katindiuka alikaa benchi la kwanza, viatu vyeupe, amekunja mguu, vidole vinapiga piga gotini. Alinitabasamia. Sikujua kama ni wema.

Mwanzo, nzuri. Utukufu, nzuri. Injili. Mama mlezi akafunika kitenge, tukashuka mabenchini. Sikusikia neno hata moja la mahubiri, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasikiliza ukimya wa spika nyuma yangu. Padre akasema Amina. Tukasimama, tukarudi kwenye nafasi zetu, nikainua kitenge.

Giza. Skrini haina kitu.

Imani ikaanza. Nikasema moyoni, sasa hivi. Imani ikafika katikati, giza. Nikanyoosha shingo kuelekea mlango wa sakristia, na kwa upenyo ule nikamwona mzee. Alikuwa nje, kwenye jua, na kanzu yake nyeupe ya utumishi, anamfukuza jogoo. Jogoo wa mtu alikata kamba, akarukia magunia, na nyuma yake wakatoka wengine wawili, na mzee pamoja na kina mama wa Idete wanazunguka magunia wameinama, mikono mbele. Amenisahau. Alikuwa na haki ya kunisahau. Imani ikaisha. Sala za waamini zikaanza, na kila watu walipoitikia nilihisi kamba inafupishwa.

Nilifikiri kuacha. Nilifikiri kuinuka, kutoka kwa mlango wa pembeni, kuvuka mto Lumemo mpaka nyumbani bila kugeuka. Bwana wa Katindiuka angekaa, watu wangeimba, ingekwisha. Miguu ilikuwa imeshaanza kujiandaa.

Kwenye sala ya mwisho mzee akakimbilia ndani, na skrini ikawaka. Lakini kinanda chetu hakiamki haraka. Kinaandika jina lake, kinafuta, kinafikiri. Watu wakaketi. Padre akaketi. Mlangoni wanawake walishainua vikapu kichwani, gunia la kwanza liko mabegani mwa wanaume wawili, na mwalimu wa kwaya akageuka kwetu, akainua mikono. Akiishusha ile mikono, lazima nianze. Nimebonyeza mara ya kwanza. Bado mara ya pili, bado kushuka, bado kila kitu.

"Mwalimu, subiri."

Sikuitambua sauti yangu. Ilikuwa sauti ya mtu, kavu, kubwa kuliko nilivyotaka, na kanisa lilikuwa kimya kwa hiyo ikafika mbali. Vichwa vikageuka. Jirani yangu wa zamani wa sauti ya pili alinitazama kama aliyesikia benchi linaongea. Mwalimu alibaki na mikono hewani. Wale wanaume wawili wakabaki na gunia mabegani.

Nikabonyeza mara ya pili. Nikashuka mara tatu, kidole kikapitiliza, nikashuka nne. Nikapanda moja. INT. Nikageuza. EXT. Nikaangalia tena, maana siamini tena chochote nilichofanya mara moja. EXT. Nikamwitikia mwalimu kwa kichwa, mikono yake ikashuka.

Wimbo ule haukuwa na mwisho, kama alivyosema. Walikuja na mpunga, wakaja na mahindi, wakaja na kuku, akiwemo jogoo mkorofi ambaye mzee alimpeleka mwenyewe, amemkumbatia kwapani. Tulirudia kiitikio, tukarudia, na mimi kila kiitikio nilikuwa naingojea besi itangulie. Sikufurahia hata ubeti mmoja. Shingo iliuma, meno yaliuma kwa kuyabana. Besi ilikaa. Gunia la mwisho lilipotua na mwalimu akafunga ngumi, ngoma na besi vilinyamaza pamoja, na ndipo nilipogundua kuwa nalia, na kwamba nimekuwa nalia muda mrefu kiasi cha kulowesha noti za juu.

Baada ya misa nilikunja waya. Bwana wa Katindiuka akapita, akakigonga kinanda kwa kidole kama mtu anavyopima tikiti maji, akasema, "Kinachelewa kuamka hiki, kama watoto wa sekondari," akaenda zake. Mwalimu alikuja mwisho. Nilisimama nimetazama chini.

"Siku nyingine," akasema, "useme kabla sijanyanyua mikono."

Akaondoka kwenda kuhesabu vitabu vya nyimbo. Nilisimama pale nikiyageuza yale maneno mawili ya mwanzo, siku nyingine, siku nyingine, mpaka nilipohakikisha kwamba yanamaanisha ninachofikiri yanamaanisha.

Mzee alikuwa sakristia, ana manyoya kwenye kanzu na mkwaruzo mkononi. Nilimpelekea waya uliokunjwa. Aliupokea, akauning'iniza kwenye msumari chini ya swichi yake.

"Leo maspika yalinguruma kwenye mahubiri?" akauliza.

"Hapana, babu."

"Umeona," akasema, na akaanza kutafuta kisu chake cha nta.